Nuggets: santuri mbili za vijana wa gereji, kwa sikio la mpiga gita la rithimu

Nianze na hukumu, maana najua wengine hamfiki aya ya mwisho: nunua. Kama unapenda punk, ile roki ya haraka na kelele, au una kijana nyumbani anayejidai kuipenda, Nuggets ndiyo ya kuwa nayo kabla ya zote. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoinyima imepotelea upande wa nne, nitakuja kuueleza.

Kwa asiyeijua: ni santuri mbili katika jalada moja la kukunjuka, nyimbo 27 za bendi za vijana wa Marekani. Kampuni ya Elektra iliitoa mwaka 1972. Jalada linadai nyimbo ni za 1965 hadi 1968, ingawa Farmer John ya The Premiers ni ya 1964, lakini tusibanane. Mwanzilishi wa Elektra, Jac Holzman, alimpa kazi ya kuchagua nyimbo Lenny Kaye, kijana wa New York aliyekuwa akiandika habari za muziki na kuuza santuri dukani. Miaka mitatu baadaye Kaye huyohuyo anasikika akipiga gita kwenye Horses, santuri ya mwimbaji Patti Smith. Katika maelezo aliyoyaandika ndani ya jalada anataja kwamba muziki huu umeshapachikwa jina la punk rock. Hiyo ni 1972. Ramones, bendi ya punk ya New York, walikuwa hawajakutana kama bendi, na Sex Pistols wa London ndiyo kabisa, hawapo.

Mimi nimepiga gita la rithimu kwenye bendi za hoteli na za baa hapa Dar mpaka vidole vikaomba likizo, na sasa nina kibanda cha kutengeneza amplifaya Mwananyamala. Nasema haya ili mjue ninasikiliza nini. Solo huwa naiacha ipite. Namsikiliza yule wa nyuma aliyeubeba wimbo, na humu wa nyuma ndiye mwenye shughuli.

Februari 1964 Beatles walionekana kwenye televisheni ya Marekani, kipindi cha Ed Sullivan, na baada ya hapo kila mtaa ukawa na vijana wanne watano wenye magita, wakifanyia mazoezi kwenye banda la gari la baba; gereji ninayoisema ndiyo hiyo. Walitaka kuwa Rolling Stones na Yardbirds. Nao Rolling Stones na Yardbirds walitaka kuwa watu weusi wapiga blues wa Chicago. Kwa hiyo kijana wa California anamwiga Mwingereza aliyemwiga jirani wa kijana huyohuyo, na kila hatua kuna kinachodondoka na kuna kinachookotwa. Kilichodondoka ni ufundi. Walichookota ni mwendo wa haraka, kelele, na kisirani cha kijana aliyeachwa na msichana.

Chukua Pushin' Too Hard ya The Seeds, upande wa pili. Mikao miwili ya vidole, basi, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Katikati kinanda kinajaribu kutoka nje kidogo, gita nalo linajaribu, lakini chini yake ni palepale. Nilipoupiga kibandani, kijana mmoja anayejifunza kwangu akauliza:

"Mzee, huyu mbona hahami?"

"Ahamie wapi, mwanangu?"

Akacheka, ila wiki ile nzima alikuwa anaupiga huo. Na Sky Saxon anayeimba hana sauti ya kujivunia. Analalamika tu kwa mkazo, anarudia, anazidi kulalamika. Sasa ukishausikia huo, weka santuri ya kwanza ya Ramones ya mwaka 1976. Hutahitaji mwalimu wa kukuonyesha ukoo.

Psychotic Reaction ya Count Five, inayofungua upande wa tatu, ndiyo niliyoirudia kuliko zote. Hawa ni vijana wa San Jose waliokuwa wakipanda jukwaani na majoho ya Dracula. Gita la mwanzo linapita kwenye kikanyagio cha fazi, kile kinachoichukua sauti safi na kuichana, na harmonika inalifuata. Mwimbaji anaeleza masaibu yake taratibu. Halafu, bila taarifa, drams zinakimbia maradufu, magita mawili yanagombana, hakuna anayeimba, na unadhani mtu amebadilisha santuri. Kisha wanarudi kwenye ule mwendo wa kwanza kana kwamba hakuna lililotokea. Mbinu hiyo waliichukua wazi kabisa kwa Yardbirds, lakini Yardbirds wanaifanya wakijua wanaelekea wapi. Hawa wanaifanya kwa kujitupa. Mwaka 1966 wimbo huo ulifika nafasi ya tano kwenye chati ya Billboard ya Marekani, na Count Five hawakufika tena huko.

Halafu kuna You're Gonna Miss Me ya 13th Floor Elevators wa Austin, Texas. Roky Erickson anapiga yowe ambalo waimbaji wa punk walikuja kulitafuta miaka kumi baadaye. Nyuma yake utasikia kitu kinachotokota, dudu-dudu-dudu, na hutajua ni chombo gani. Ni mtungi. Tommy Hall alikuwa anautolea sauti ya koo mtungi huku maikrofoni iko mdomoni pa mtungi. Erickson alikamatwa na bangi mwaka 1969, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akatoka 1972, mwaka huohuo Nuggets ilipotoka. Nikiusikia wimbo huo siwezi kuiondoa habari hiyo kichwani.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niandike. Vijana wa punk hupenda kusema mizizi yao ni safi: vijana wasiojua kupiga, hakuna wajanja wa studio, hakuna biashara. Nuggets yenyewe inawakatalia. Night Time imeimbwa na The Strangeloves, waliojitangaza kuwa ndugu watatu wafuga kondoo kutoka Australia. Walikuwa ni maprodyuza watatu wa New York. Mmoja wao, Richard Gottehrer, ndiye aliyeanzisha kampuni ya Sire pamoja na Seymour Stein, na ndiye aliyekuja kuitengeneza santuri ya kwanza ya bendi ya Blondie. Sire ndiyo iliyowatoa Ramones, na mwaka 1976 ikaitoa upya Nuggets hii. Yaani mfuga kondoo wa uongo yumo ndani ya hati ya kuzaliwa kwa punk.

Si yeye tu. Dirty Water inausifu mji wa Boston na mto wake mchafu, na timu ya besiboli ya Red Sox huupiga uwanjani ikishinda nyumbani. The Standells walioupiga ni watu wa Los Angeles, na wimbo waliandikiwa na prodyuza wao, Ed Cobb. Kwenye Let's Talk About Girls, sauti unayoisikia si ya mwimbaji wa Chocolate Watchband hata kidogo, ni ya mtu aliyeletwa studio. Wimbo unaofungua santuri nzima, I Had Too Much to Dream wa Electric Prunes, unaanza na mvumo unaokujia kama nyigu aliyeingia kwenye kofia. Ni gita lililorekodiwa, kisha mkanda ukachezwa kinyumenyume. Waandishi wa wimbo ni wanawake wawili wa kazi hiyo, Annette Tucker na Nancie Mantz.

Mimi hilo haliniudhi. Nimefanya kazi na bendi, najua "ukweli" wa jukwaani unavyopikwa. Linaloniudhi ni mtu kuutukuza ushamba ambao haukuwepo. Vijana hawa walitaka wimbo mmoja uingie redioni. Santuri ndogo ya mzunguko wa 45 kwa kawaida haikupi zaidi ya dakika tatu hivi: ingia, gonga, toka kabla hujachosha. Punk waliirithi haraka hiyo, na haraka hiyo ilikuwa ya sokoni kabla haijawa ya uasi.

Hata hivyo kuna mahali ukweli unakupiga kofi. Moulty ya The Barbarians. Mpiga drams Victor Moulton alipoteza kiganja cha kushoto kwa mlipuko akiwa na miaka 14, akajifunza kupiga kwa mkono wa bandia. Hapa anasimulia mwenyewe, kwa maneno ya kawaida, jinsi alivyokata tamaa na jinsi muziki ulivyomrudisha, kisha kiitikio kinapasuka. Ni wimbo wa ajabu, nusu mahubiri nusu kichekesho. Wenzake hawakupiga kwenye rekodi ile, ujanja uleule wa studio. Lakini sauti ile ni ya mwenye kisa, na mara ya kwanza nilizima mashine nikakaa.

Msisahau ni kampuni gani iliyoitoa. Elektra hiyohiyo ndiyo iliyowasainisha MC5 na The Stooges, bendi ambazo punk waliziiga, mwaka 1968. Kick Out the Jams ya MC5 ilirekodiwa ukumbini Detroit, Oktoba mwaka huo, na ya kwanza ya The Stooges ilitoka 1969 chini ya usimamizi wa John Cale aliyekuwa wa bendi ya Velvet Underground. Aliyewaleta wote wawili Elektra, Danny Fields, ndiye aliyekuja kuwa meneja wa Ramones. Kampuni iliwatema MC5, baadaye ikawatema na Stooges. Baada ya kuwatema ndipo ikatoa mkusanyiko wa nyimbo zilizowazaa. Biashara ya muziki ina mambo.

Kinachokosekana ni The Sonics wa Tacoma, ambao kwa ukali wanawazidi karibu wote waliomo, na Louie Louie ya The Kingsmen wa Portland, ya 1963, ule wimbo ambao FBI waliuchunguza maneno kwa kushukiwa matusi wakaishia kusema hayasikiki. Ningeutaka huo humu kwa sababu yetu sisi. Richard Berry, mtu mweusi wa Los Angeles aliyeutunga, aliupata ule mgongo wake, moja-mbili-tatu, moja-mbili, kwenye cha-cha-cha ya René Touzet wa Kuba. Sisi tuliokulia kwenye rumba ya Kongo tunaijua nyumba hiyo. Santuri za Kuba zilifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, zikatupa za kwetu, na zikafika Los Angeles zikawapa vijana wa gereji za kwao. Ukitaka kuisikia damu hiyo ndani ya Nuggets, nenda Farmer John: The Premiers walikuwa vijana wa asili ya Meksiko, magita yanayumba kidogo, na umati unapiga kelele kama vile ni dansini, ingawa shangwe hizo ni za kupangwa. Ndiyo, ujanja tena.

Upande wa nne. Farmer John imo huko, na Open My Eyes ya Nazz wa Philadelphia, yenye Todd Rundgren, ni nzito na nzuri. Wimbo wa Mojo Men ni mtamu, na anayepiga drams na kuimba ni mwanamke, Jan Errico. Lakini ni utamu wa peremende. Sagittarius nao ni mradi wa studio wenye sauti ya Glen Campbell, umepambwa mpaka umeshiba. Si nyimbo mbaya. Ni za harusi nyingine. Upande wa tatu nao una moja mbili za kuruka, ila Amboy Dukes wa Detroit wanafidia.

Kuhusu santuri yenyewe: michoro ya jalada ya Abe Gurvin inapendeza, rangi zinapigana vizuri, lakini maelezo ya Kaye yamechapwa kwa herufi ndogo, wenye miwani tutateseka. Sauti ni ya kifuani, kavu, haina mwangwi mwingi. Nyingi ya nyimbo hizi zilitengenezwa kwa redio za mono, kwa hiyo spika moja nzuri inazitosha. Sisi tuliozoea rekodi za RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, hatutalalamika.

Kuna pia sanduku la CD nne lililotolewa na Rhino mwaka 1998, nyimbo 118. Lina mali nyingi, lakini ni la mtu aliyekwisha kuugua ugonjwa huu. Wewe anza na santuri mbili, na uanze na upande wa pili badala ya wa kwanza: Seeds, Moulty, Castaways na yule mwimbaji wao wa sauti ya kitoto, Elevators wanafunga. Na kama sindano yako imechakaa, badilisha kwanza. Fazi za humu zinakwaruza zenyewe, na hutajua kipi ni Count Five na kipi ni sindano.