Uzoefu wangu na Blender: bajaji yetu ilipaa bila kununua programu

Wadau wanaouliza kama Blender, programu ya kompyuta ya kutengeneza katuni na efekti za 3D, inafaa kwa filamu ya wanafunzi, nawajibu kwa kazi tuliyoimaliza nayo. Ni filamu fupi ya darasa: dereva wa bajaji amechoshwa na foleni ya Dar, anavuta mafuta, bajaji inapaa juu ya magari. Vifaa vyetu vilikuwa simu, laptopu ya rami GB 8 yenye kadi ya picha ya kawaida, bajaji ya kuazima na kiwanja cha vumbi nyuma ya hosteli.

Programu ni ya bure kweli, si ile bure ya mwezi mmoja halafu inaanza kukudai. Imekuwa huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa wote, tangu 2002, watu walipochanga euro 100,000 ili iachiwe. Haibandiki nembo juu ya video, na ulichotengeneza ni chako hata ukikiuza. Asikudanganye mtu kwamba ni ya kuchezea: Flow, katuni ya Latvia iliyochukua Oscar mwaka 2025, imetengenezwa humo humo.

Kilichoniteka mimi ni sehemu ya kufuatilia mwendo wa kamera. Unaipa video, unachagua alama zinazoonekana vizuri, inazifuata fremu kwa fremu, kisha inapiga hesabu kamera ilikuwa wapi na ilisogea vipi. Ikimaliza, kitu utakachokiweka mle kinakaa chini kana kwamba kilikuwepo siku ya kupiga. Sharti lake ni alama zisizopungua nane zionekane kwa pamoja, na kiwanja cha vumbi hakina alama. Tukaokota visoda dukani kwa mangi, tukavipaka chokaa, tukavitawanya: vingine karibu na simu, vingine mbali kule ukutani, maana vikiwa mstari mmoja hesabu inayumba. Mwishoni programu inakutajia kosa lake kwa pikseli. Likiwa chini ya 1 unaweza kuendelea. Letu lilikuwa kama 0.4, na bajaji ya kompyuta ikatulia ardhini bila kuteleza.

Ila haitibu picha mbovu. Kabla ya kupiga, zima ile huduma ya simu ya kutuliza mtikisiko, kwa sababu inakunja picha kila fremu kivyake na hesabu ya kamera inaharibika. Funga fokasi na mwanga visibadilike katikati. Pia simu husoma picha mstari kwa mstari, hivyo ukiizungusha haraka nguzo za umeme zinalala upande. Mpiga picha wetu alitembea kama aliyebeba ndoo ya maji kichwani, na ndiyo shoti iliyokubali kirahisi kuliko zote.

Bajaji tuliichonga wenyewe kwa kufuata picha tulizoipiga bajaji ya dereva, na rangi ya turubai tuliichukua kwenye turubai lake halisi, viraka vikiwemo. Kivuli ndicho kilichoiuza. Ndani ya Cycles, injini ya Blender inayochora picha ya mwisho kwa mwanga wa kama kweli, kuna kisanduku unachotiki, bapa uliloliweka chini linatoweka na kubaki kupokea kivuli tu. Kabla ya kivuli, bajaji ilionekana kama stika. Baada yake, mwenzetu wa chumba cha pili aliuliza tumeininginiza kwa kamba gani.

Vumbi la kupaa nalo? Blender inaweza kuliiga, lakini kwa laptopu yetu ilikuwa kujitafutia presha. Tulipuliza unga wa ngano mbele ya kitambaa cheusi, tukaupiga video, tukaiweka juu ya shoti kwa mtindo wa kujumlisha mwanga, weusi wote ukapotea. Visoda vilivyokuwa karibu na matairi vilifunikwa humo humo.

Sasa kwenye kurenda, yaani kompyuta kuchora kila fremu ya mwisho, ndiko subira inakopimwa. Shoti ya sekunde 10 kwa fremu 25 kila sekunde ni fremu 250; kila moja ikichukua dakika 2, umekesha zaidi ya saa 8 na feni inalia. Toa picha moja moja za PNG, usitoe video moja kwa moja: umeme ukikatika, unaendelea na fremu inayofuata badala ya kuanza upya. Shoti za mbali tulizirenda kwa Eevee, injini nyingine ya Blender ambayo ni nyepesi mno, na hakuna mtazamaji aliyejua.

Kuhusu kujifunza, tengeni bando la YouTube, na muangalie tarehe. Mafunzo ya kabla ya toleo la 2.8, la mwaka 2019, yatawachanganya kwa sababu sura ya programu ilibadilishwa karibu yote. Ina sehemu ya kuhariri video pia, lakini sikuipenda. Kukata na sauti nilifanyia kwenye DaVinci Resolve ya bure.

Mimi naipa nyota nne. Kama kazi inatakiwa wiki ijayo na hakuna hata mmoja kati yenu aliyewahi kuifungua, andikeni hadithi ambayo bajaji inabaki chini. Mkiwa na muhula mzima, ipakueni leo, mchague shoti mbili tu za efekti, na ile ya kwanza iwe ya simu iliyosimama kwenye stendi, ambayo haihitaji kufuatilia mwendo wowote.