Kifaa cha kuchoma mabadiliko ya awali ya mlango wa kizazi (yale yanayoweza kugeuka saratani): uzoefu wangu

Kliniki yetu ya Eastlands, Nairobi, inatumia kifaa cha mkononi cha betri badala ya mtungi wa gesi ya kugandisha, na mtungi sijaukumbuka hata siku moja. Kugandisha ni dakika 3, kuachia 5, kisha 3 tena. Gesi ikipungua katikati, barafu haienei na unaanza upya. Kwa kifaa hiki cha betri, ncha inapanda hadi nyuzi 100 za Selsiasi na kila mguso ni sekunde 20 hadi 30, kama mwongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) wa 2019 unavyoelekeza. Doa (sehemu yenye mabadiliko) likiwa pana kuliko ncha, gusa tena, mguso mpya ukalie kidogo ule uliotangulia, mpaka eneo lote liishe. Stima ikipotea, kazi inaendelea.

Kazi ngumu inabaki machoni. Paka asidi asetiki ya asilimia 3 hadi 5 (siki nyeupe ya dukani inafaa, ila soma chupa kwanza), kisha subiri dakika nzima. Wengi wanachungulia mapema na doa jeupe linawapita. Doa likiingia ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi hadi huoni mwisho wake, au kukiwa na uvimbe unaotoka damu ukiguswa, usichome: andika rufaa. Mjamzito naye asubiri. Kwa waliokoma hedhi, mpaka wa eneo ambako mabadiliko haya hutokea mara nyingi umeshajificha ndani, kwa hiyo wengi wao watakwenda rufaa hata uwe na kifaa kizuri namna gani.

Kuta za uke zikilegea na kufunika mlango, vika spekulamu (chombo cha kupanulia uke) kondomu iliyokatwa ncha. Ukipuuza hili utaunguza ukuta, na mama ataruka kitandani. Kwa kawaida ganzi haihitajiki. Atasikia joto na msokoto kama wa hedhi.

Lawama yangu ni ncha. Kifaa chetu kilikuja na moja tu. Kila baada ya mgonjwa ipoe, isuguliwe mabaki yaliyoungua, itakaswe, isuuzwe. Foleni yote inasubiri chuma kimoja. Agiza angalau tatu. Ncha isikae kwenye klorini ya kutakasia kupita muda wake, inakula chuma.

Kabla hajaondoka, mwambie majimaji yatamtoka hadi wiki 4, na kwa muda huo aepuke tendo la ndoa, au basi atumie kondomu. Homa, usaha au damu nyingi, arudi siku hiyo hiyo. Uchunguzi mwingine ni baada ya miezi 12. Mwandikie tarehe kwenye kadi, namba ya simu hubadilika.