Bampa ya Peterbilt imerudi ikiwa kioo

Naendesha lori hapa Ohio mwaka wa tisa sasa, na siku nikiwa nyumbani huunganisha malori madogo ya plastiki. Mwaka huu mzee aliyenifundisha barabara za huku anastaafu. Lori lake ni Peterbilt 359 ya mwaka 1984, na sijawahi kumwona akienda kulala bila kuifuta bampa. Nikaamua kumtengenezea lilelile kwa kipimo cha 1/25, kutoka kwenye seti ya zamani ya AMT, kampuni ya seti za plastiki za kuunganisha, niliyoipata mnadani.

Anayeijua 359 anajua kwamba ukiivua kromu hakuna lori. Ekzosi mbili zilizosimama, matangi ya mafuta, makopo ya kuchujia hewa, shoo, vioo vya pembeni, honi za juu ya kabini: vyote vinang'aa. Vya kwenye seti yangu vilikuwa vimefifia na kuingia umanjano. Kila ekzosi ilikuwa na mstari wa kiungo cha kalibu kuanzia juu hadi chini, na bampa ilikuwa na vidonda viwili usoni, pale ilipokatwa kwenye kijiti cha plastiki kinachoshikilia vipande vya seti.

Nilijaribu mwenyewe kwanza. Kalamu ya Molotow, yenye wino wa rangi ya kromu, ni nzuri sana kwa nati na fremu za taa, lakini kwenye tangi zima alama za mkono zinaonekana. Alclad, rangi ya kupuliza inayoiga chuma, juu ya rangi nyeusi inayong'aa ilinipa ekzosi nzuri, mpaka nilipoishika siku ya tatu na ikapoteza mng'ao palepale kidole kilipogusa. Kwa zawadi ya mtu atakayeishika kila siku, hapana. Nikafunga vipande 31 kwenye boksi, nikavituma kwa karakana moja ndogo inayopaka plastiki mng'ao wa kromu kwa njia ya posta.

Jambo ambalo sikulijua kabla ya kuzungumza na fundi ni kwamba hawatumii kromu kabisa. Bampa ya lori halisi ni chuma kilichochovywa kwa umeme, nikeli chini na kromu juu. Plastiki ya seti zetu ni polistairini, nayo hulegea kabla ya joto kufika nyuzi 100, kwa hiyo njia yao ni nyingine. Wanapuliza laka laini ya kwanza na kuikausha kwa joto dogo. Kisha vipande vinaingia kwenye chumba kilichofyonzwa hewa yote, na alumini inayeyushwa juu ya waya wa tungsteni hadi inakuwa mvuke na kutua juu ya kila kitu. Tabaka hilo ni jembamba kuliko hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Mwisho wanafunika kwa laka angavu ili vidole visiiondoe.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alinihoji sana kuhusu maandalizi. Alumini haijazi shimo wala haifichi mkwaruzo. Inaufanya uonekane zaidi. Kazi ya kweli niliifanya mimi kabla ya posta, na ilinichukua wikiendi tatu. Jiki iliondoa mng'ao wa zamani kwa dakika chache, lakini laka iliyokuwa chini yake ilikaa usiku mzima kwenye dawa ya kusafishia oveni. Vaa glavu, na suuza jiki yote kwa maji mengi kabla ya kugusa dawa ya pili. Vitu hivyo havichanganywi kamwe. Kisha puti kwenye mistari, msasa namba 400, 800, 1500, mpaka 2000. Kila nilipodhani nimemaliza, nilipuliza rangi nyeusi inayong'aa nikauona mstari uko palepale.

Jambo la pili: mvuke wa alumini husafiri kwa mstari ulionyooka. Kipande lazima kishikwe na kijiti kwa upande usioonekana, kwa sababu palipo na kijiti patabaki bila mng'ao. Bampa niliigundishia waya wa shaba mgongoni. Ekzosi nilizichomeka waya kwa chini, zinapoingilia kwenye fremu.

Gharama ilikuwa dola 85 bila posta, wanapima nafasi ambayo vipande vinachukua kwenye chumba, si idadi ya vipande. Niliambiwa wiki sita, zikawa tisa, na barua zangu mbili za katikati hazikujibiwa. Hilo liliniuma, maana sherehe ya mzee ina tarehe. Na bampa iliporudi mara ya kwanza ilikuwa na punje ya vumbi chini ya laka, katikati kabisa. Waliirudia bila malipo, posta nikalipa mimi. Ndani ya midomo ya honi mvuke haukufika vizuri, pamebaki kijivu. Herufi ndogo za nembo zimezama kidogo chini ya matabaka ya laka. Kama nembo ni muhimu kwako, usiipeleke.

Lakini hizo ekzosi! Nilizisimamisha juu ya meza karibu na dirisha na nikaona fremu ya dirisha imejipinda ndani yake, bila mstari, bila wimbi, kama bomba lililotoka dukani leo. Matangi vilevile. Hakuna kalamu wala kopo la rangi lililowahi kunipa kitu hicho. Kwa vitu vya mviringo na vikubwa ningelipa tena kesho.

Wakati wa kuunganisha, kwangua mng'ao wote pale gundi itakapokaa, vinginevyo utagundisha alumini kwa alumini na kioo cha pembeni kitadondoka na ngozi yake ya mng'ao. Usibandike utepe juu ya kipande kilichopakwa. Vumbi nalifuta kwa kitambaa laini kikavu tu.

Nikituma tena, naweka matangi, ekzosi, bampa na makopo ya hewa peke yake. Honi na nembo nitazipaka hapahapa kwa kalamu. Na boksi linaondoka miezi minne kabla ya tarehe ninayoihitaji.