Dar mpaka Livingstone kwa basi: ukikata tiketi ya moja kwa moja utauzwa Tunduma

Naandika hii sababu kabla sijasafiri nilitafuta sana mtu aliyepita hii njia kwa basi aniambie ukweli, nikaambulia picha za watu wamesimama kwenye maporomoko ya Victoria na makoti ya mvua, hakuna anayesema alifikaje pale wala alilala wapi njiani. Mimi nimetoka Mbezi Louis mpaka Livingstone, nikarudi kwa kuzunguka Ndola na Kitwe, siku 12, mwezi wa nne, na niliondoka na laki 8 mfukoni, nauli zote humohumo. Zambia nitarudi tena hata kesho. Ile kampuni iliyonipeleka sirudi, na ndo nataka kuanzia hapo.

Jina lao siliweki. Wana ofisi nzuri stendi, bango kubwa, Dar–Lusaka moja kwa moja, AC, chaji kila siti, masaa 27. Nikamuuliza dada wa dirishani mara mbili, dada hili basi kweli linavuka mpaka, akanijibu, "Kaka yangu, wewe ukishakaa hushuki mpaka Lusaka, labda kuchimba dawa." Nikalipa, nikapewa siti namba 7, dirishani.

Na kusema haki, mpaka Tunduma hawana baya. Tumetoka saa 12 asubuhi kweli, AC inafanya kazi, suka hakimbizani na mtu, Mikumi tumeona twiga wako karibu kabisa na lami, Ruaha Mbuyuni watu wakajaza vitunguu kwenye buti kama kawaida, Kitonga tumepanda taratibu nyuma ya malori. Kuanzia Makambako giza likaingia na baridi, kuna mama mmoja mtu mzima pembeni yangu anafanya biashara Nakonde akanipa nusu ya kitenge chake nijifunike miguu. Tumeingia Tunduma kama saa 6 usiku, na kabla ya kufika mjini foleni ya malori ilikuwa inaanza mbali huko, mengi yamebeba mabamba ya shaba yanashuka bandarini kwetu. Ukiwa Dar unayaona yakipita Mandela unakereka tu na foleni, ukiyakuta kule usiku, madereva wamewasha majiko ya mkaa chini ya matrela wanapika, ndo unaelewa hiyo shaba inasafiri vipi.

Tukalala humo kwenye siti mpaka asubuhi, tukashuka kugonga mihuri. Mpaka wenyewe sina malalamiko nao kabisa. Toka 2019 pale ni kituo kimoja cha pamoja, maafisa wa nchi zote mbili wako jengo moja, unatoka dirisha la Tanzania unahamia la Zambia hatua chache tu, Mtanzania halipii viza, mimi niliombwa paspoti na kadi ya njano ya chanjo, haikuzidi dakika 40. Nje ndo uwe makini, vijana wa kubadilisha hela watakufuata mpaka mlangoni. Badilisha ya kula na nauli ya siku moja tu, na noti uhesabu kwa mkono wako mwenyewe zikiwa mkononi kwako, ukimrudishia akuhesabie tena imekula kwako.

Sasa nimemaliza mihuri nageuka natafuta basi, basi silioni. Namkuta konda yuko na kibegi changu mkononi ananipa kikaratasi kimechanwa kwenye daftari, hakina muhuri, kimeandikwa "pax 1 LSK" kwa peni, yani abiria mmoja wa Lusaka. Ananiambia brother basi lenu lile kule upande wa Nakonde, hili linageuza Dar. Yani tumeuzwa. Abiria 19 wa Lusaka tumeuzwa kama abiria wa daladala anayehamishwa Buguruni ili gari igeuze, tofauti ni kwamba sisi tumeuzwa mpaka nchi nyingine. Mama wa kitenge wala hakushtuka, akaniambia, "Mwanangu, ndo mara yako ya kwanza eeh? Hapa wanauza kila siku. Mimi nakata mpaka Tunduma tu, navuka kwa miguu yangu, ng'ambo nakata nyingine." Nikamuuliza mbona hakuniambia usiku wote ule tuliokaa pamoja, akasema, "Ungeniamini? Si ulikuwa na tiketi?"

Basi la pili lilikuwa la siti tatu upande mmoja na mbili upande wa pili, watu 65, mimi na kikaratasi changu nikawekwa siti ya mwisho kabisa juu ya injini, magoti kwenye kidevu, halafu konda mpya akataka hela ya begi. Nikalipa, ugomvi wa nini ugenini. Na kuna kitu hakuna mtu aliyetuambia Dar, Zambia mabasi ya abiria hayaruhusiwi kutembea usiku, kwahiyo ilipofika saa 3 usiku tulikuwa Serenje, injini ikazimwa, tukalala hapohapo mpaka saa 11 alfajiri. Serenje ni nyanda za juu, ile baridi ya usiku ni ya Makambako kabisa na mimi sweta liko kwenye begi na begi liko kwenye buti. Lusaka tumeingia siku ya tatu karibu saa 5 asubuhi. Masaa 54. Waliniuzia 27.

Kwahiyo ushauri wangu ni ule wa yule mama, kata vipande. Kurudi nilifanya hivyo na nililipa pungufu kama elfu 25 ukijumlisha vipande vyote, nilikaa siti niliyochagua mwenyewe kila mara, na nililala kitandani.

Mabasi ya ndani ya Zambia kwa kweli mengi ni mazuri. Lusaka stendi yao kuu wanaita Intercity, ipo karibu na katikati ya mji, wapiga debe ni walewale wa kwetu, watashika begi lako, sema hapana kwa upole na uende dirishani mwenyewe. Uliza lipi ni taimu basi, ndo wanavyoita lile linaloondoka kwa saa hata likiwa nusu, maana mengine yanasubiri kujaa na unaweza kukaa masaa manne unatazamana na dashibodi. Kabla ya kuondoka mara nyingi anapanda mhubiri anaombea safari, watu wanainamisha vichwa kabisa, kisha anapita na kofia. Halafu mambo ya saa, wao wanakuandikia 14 hours, ni saa 8 mchana yetu, na wako nyuma yetu saa moja nzima. Hii saa moja ishike, nitairudia.

Lusaka nilikaa siku mbili. Mji mpana, Cairo Road imenyooka, Kamwala utadhani uko Kariakoo bila msongamano. Ila nataka kuongelea chakula. Nshima ni ugali, lakini laini kuliko wetu na mweupe sana, wanauchota kwa kijiko kikubwa unakuja kwenye sahani kama mabonge mawili matatu, na usishangae mboga ikawa za aina tatu kwa bei ileile. Ifisashi ndo ilinimaliza, majani yamepikwa na karanga zilizotwangwa mpaka yakawa mazito, nilikula siku ya kwanza nikarudi kwa yuleyule mama siku ya pili. Kapenta ni dagaa wetu wa Kigoma kabisa, na hata wale wa ziwa Kariba asili yao ni Tanganyika, walipelekwa kule miaka ya 60 mwishoni. Wana na vitumbuwa, usitegemee mchele na iliki, ni vya ngano, karibu na mandazi, vya moto na chai vinatosha kabisa. Kwenye bei nilikuwa nazidisha kwacha mara 100 ili kichwa kisichoke, haikunidanganya sana.

Livingstone ni kilomita 470 na kitu toka Lusaka, njia inapita Mazabuka kwenye mashamba ya miwa, halafu Monze, Choma, Kalomo, wanawake wanauza mahindi ya kuchemsha dirishani, lami safi. Mji ulikuwa makao makuu ya nchi mpaka 1935 na bado una yale majengo ya kizamani yenye baraza pana. Maporomoko yako kama kilomita 10 kutoka mjini, chukua teksi ya kuchangia inayokwenda mpakani, usikubali ya peke yako. Mwezi wa nne maji yamejaa, ule moshi unauona ukiwa bado mjini, na ndo jina lenyewe, Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Upana ni karibu kilomita 1.7 na kimo zaidi ya mita 100, ila hizo namba ukiwa pale hazikusaidii kitu, sababu huoni. Nimesimama kwenye kile kidaraja chembamba cha watembea kwa miguu, maji yanakuja toka chini kwenda juu, yanaingia puani, nguo zote zimelowa na koti la kukodi nimelivaa, na upepo ukifungua kidogo unaona ukuta mweupe mbele yako sekunde mbili halafu unafungwa tena. Nilikaa pale lisaa lizima. Simu weka kwenye mfuko wa plastiki, na chakula usishike mkononi, nyani wa pale alichukua mkate wa mtoto mbele ya baba yake, na baba ni mtu wa miraba minne.

Kama unataka kuona maporomoko yote na upana wake, upande wa Zambia nenda mwezi wa sita au wa saba maji yakishapungua. Kwenye wa kumi na wa kumi na moja sehemu kubwa ya upande huo inabaki mwamba.

Ndola watu wengi wa njia hii wanairuka, mimi nilienda sababu ya bomba. Bomba la mafuta la TAZAMA linaanzia Kigamboni kwetu linaishia Ndola, lipo toka 1968, nilikua nikiliona bango lake toka mtoto nikawa nataka tu kufika upande wa pili. Mji umetulia, miti mingi. Lakini kilichonishika Ndola ni mti mmoja. Upo mjini kabisa, barabara ya Makoli, mupapa wa zamani, una uzio mdogo na kibao. Nilikuwa naongea na dada yangu kwenye simu, namsimulia kwa Kiswahili kwa sauti ya Tabata, huku macho yanasoma kibao. Kinasema chini ya kivuli cha mti ule wafanyabiashara wa Kiswahili wa mwisho, waliokuwa wakiwapiga vita watu wa nchi ile na kuwatia utumwani, walikuwa wanakaa kusherehekea ushindi na kugawana mateka. Nikajikuta nimeshusha sauti. Sisi shule tumefundishwa Bagamoyo, tumepelekwa Kaole, mwisho wa njia tunaujua. Pale Ndola ni mwanzo wa njia, na lugha iliyotajwa kwenye hicho kibao ndo niliyokuwa naiongea muda huohuo. Kuna mzee anauza airtaim mita chache toka pale, alinisikia, akaniuliza kwa Kiswahili cha kubabaisha kama natoka Tanzania, akanishika mkono na kuniambia karibu. Nikamwambia natotela, ndo asante ya Kibemba, nikakaa na yeye kidogo kwenye benchi lake.

Kitwe ni kama kilomita 60 mbele, mji wa migodi, soko la Chisokone limechangamka, usiku mmoja unatosha. Kutoka hapo nikakata Kitwe–Kapiri Mposhi, Kapiri–Mpika nikalala, Mpika–Nakonde. Kapiri ndo mwisho wa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 toka Dar, na kwenye barabara hii reli inakuja inapotea inakuja tena kama mtu mnayesafiri naye.

Sasa ile saa moja. Nilivuka Tunduma jioni, nikakata tiketi ya Dar ya saa 12 asubuhi, nikalala gesti karibu na stendi, alamu nimeweka. Simu ilikuwa bado imeshika mnara wa Zambia, pale mpakani minara inaingiliana. Niliamka kwa saa ya Zambia, nafika stendi nimejiandaa vizuri, basi limeondoka dakika 50 zilizopita. Ukivuka, weka saa kwa mkono mwenyewe, au muulize mlinzi wa gesti. Nilipata Costa mpaka Mbeya na basi la jioni mpaka Mbezi, kwetu siku hizi yanatembea usiku, ila nauli ya kwanza ndo ilienda.

Nimerudi Mbezi na elfu 31. Siku iliyofuata nikaenda pale dirishani na tiketi yangu na kile kikaratasi cha daftari, nataka wanirudishie nauli ya kipande cha Tunduma–Lusaka. Dada yuleyule. Akasema meneja yuko safari nirudi Jumatatu, nimerudi Jumatatu meneja bado yuko safari. Nimepiga picha vyote viwili, tiketi na kikaratasi, wiki hii nazipeleka LATRA, wale wanaosimamia usafiri wa mabasi.