Vuta N'kuvute niliyouziwa pungufu ya kurasa 16

Kitabu chenyewe, riwaya ya Adam Shafi, hakina kosa, hilo nalisema mapema. Hasira zangu zote ni za aliyeniuzia, na hata hizo, mtaona huko mbele, siku hizi zinayumba.

Niliangalia ile filamu ya Amil Shivji ya 2021 iliyotokana na riwaya hii, wahusika wake Denge na Yasmin wakanikaa kichwani wiki nzima. Shuleni riwaya hii ilinipita. Mimi nilisoma PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia; watu wa HKL, wa historia, Kiswahili na Kiingereza, ndio waliokuwa wakitembea nayo kwapani. Nikasema sasa nina kipato changu, nanunua. Kuna kaka anauza vitabu WhatsApp: asubuhi anaweka picha, unalipa kwa simu, jioni boda anakuletea. Elfu kumi na tano, na elfu nne ya boda. Kikaja kimefungwa kwenye gazeti vizuri kama vitumbua.

Kurasa za mwanzo tu, nakuta mtu kapiga mistari kwa kalamu. Pembeni kaandika "ndoa ya kulazimishwa", chini yake "DHAMIRA" na alama tatu za mshangao. Nikasema haya, kumbe cha mtumba, hakuna neno. Nikalowesha kidole nikausugua ule wino. Haukutoka, haukuchafuka hata kidogo. Nikageuza karatasi nipapase kwa nyuma, kalamu haikubonyea popote. Kumbe hata ule mwandiko umechapwa! Yaani mtoto wa kidato cha sita, sijui wa mwaka gani, kaazimisha kitabu chake, mtu kakipeleka steshenari kakitoa kopi pamoja na maandalizi yake ya mtihani, halafu mimi nimeuziwa kopi hiyo kwa bei ya kitabu kipya. Na mwandishi hapo haambulii hata senti.

Nikavumilia, maana Adam Shafi hakupi nafasi ya kununa. Yasmin anaozwa mwanamume wa makamo mwenye duka, anamkimbia, watu wa kwao wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, ambaye mwenyewe hana kitu. Watu wakiizungumzia riwaya hii wanamtaja Denge na siasa zake za kumpinga Mwingereza. Sawa. Lakini mimi nilikuwa nageuza kurasa kumtafuta Mwajuma. Yule mtoto wa kidato cha sita hakumpigia hata mstari mmoja, sijui kwa nini. Labda mwalimu alisema hatatoka kwenye mtihani.

Basi nafika ukurasa wa 96, sentensi imekatika nusu, nafungua unaofuata: 81. Nikadhani nimerukwa na akili. Nikasonga mbele, 82, 83, mpaka 96 tena, sentensi ileile imekatika palepale. Halafu 113. Usiku huo umeme umekatika, nasoma kwa tochi ya simu, betri inakaribia kuisha.

Nikazipiga picha kurasa hizo, nikamtumia yule kaka kwa adabu kabisa. Jibu lake hili hapa, sijaongeza herufi: "Dada riwaya si mtihani, ruka uendelee."

Ruka! Kama vile ni dimbwi. Nikamwandikia ujumbe mrefu ambao mama yangu asingependa kuuona, neno "mwizi" limo mara mbili. Akausoma, akanyamaza. Nikaanza kuwaambia watu wote ninaowajua wasinunue kwake hata kalenda.

Kesho yake jioni akanitumia ujumbe wa sauti. Dakika kumi na moja. "Samahani dada yangu, jana nilikuwa na mambo yangu. Sasa sikiliza, hizo kurasa nakusimulia." Na akasimulia kweli! Nyuma yake konda anaita Mbagala, Mbagala, yeye yumo tu, anabadilisha sauti, Mwajuma ana sauti yake, mzungu wa polisi ana yake ya puani. Nikajikuta nimekaa chini ukumbini na mkoba bado begani. Utamu ukamzidi, hakuishia ukurasa wa 112. Akaenda mpaka mwisho wa kitabu. Mwisho kabisa! Nikapiga kelele peke yangu ndani ya nyumba. Sitausema hapa, mimi si yeye.

Nilikwenda kununua nakala halali ya wachapishaji wenyewe, Mkuki na Nyota, dukani, nikaanza na zile kurasa 16 nikiwa kwenye daladala. Nusu ya aliyonisimulia hayamo. Yale maneno aliyompa Mwajuma, yaliyonichekesha mpaka machozi, hayamo kabisa, kayatunga mwenyewe. Sasa sijui nimkasirikie mara tatu au nimwombe radhi kwa lile neno la mwizi. Mwizi ni mwizi, kopi kaniuzia na pesa hajarudisha. Ila ule ujumbe wa sauti sijaufuta, na nimeshausikiliza zaidi ya mara moja.

Kwa anayetaka kumwanza Adam Shafi bila kuumia kama mimi, chukua Kuli ya 1979, makuli wa bandarini Zanzibar na mgomo wao; hiyo ndiyo ninayoitafuta sasa. Na kabla hujalipa, hesabu kurasa mbele ya boda, akikuharakisha mwache aondoke nacho.

Jana, msiniulize kwa nini, nilimwandikia yule kaka kama anayo Kuli. Akajibu hapohapo: "Ipo dada. Orijino au ya kawaida?"

Sijamjibu.