Ateri ya ini na vena ya lango: ipi inalilisha ini?

Wanafunzi wa utabibu hapa Mtwara hubishania swali hili mitihani ikikaribia, na wengi huipa vena ushindi wote. Kwa wingi wa damu hawajakosea: vena ya lango huleta takriban asilimia 75, ikitokea utumboni na kwenye wengu, imejaa virutubisho ila oksijeni imepungua. Ateri huleta asilimia 25 tu, lakini damu yake inatoka aota, mshipa mkuu utokao moyoni, hivyo huchangia karibu nusu ya oksijeni yote. Tena mirija ya nyongo huitegemea ateri. Ateri hiyo ikiziba baada ya ini kupandikizwa, mirija hiyo huharibika.

Kwangu mimi ugumu uko kwenye njia ya mishipa hii. Vena haibadilikibadiliki sana kati ya mtu na mtu. Ateri kwa kawaida huanzia shina la siliaki, tawi la aota tumboni, lakini kwa baadhi ya watu tawi la kulia huchipuka kwenye ateri ya juu ya mesenteri, inayolisha utumbo, na kupita nyuma ya vena, au la kushoto hutoka kwenye ateri ya kushoto ya mfuko wa chakula. Mwanaanatomia Michels alizipanga tofauti hizi katika aina 10 mwaka 1966. Daktari mpasuaji asiyezijua anaweza kulifunga tawi linalolisha nusu nzima ya ini. Ndiyo maana nawasihi wadogo zangu waanze na ateri.