Mashine ya presha ya nyumbani kwa wanaume wa mazoezi Kigoma: kabla ya bei, angalia mkanda

Mashine za kidijitali ziko za aina mbili: ya kufunga juu ya kiwiko na ya kufunga kwenye kifundo cha mkono. Kwa mwanaume anayekimbia mlima kutoka stesheni hadi Mwanga, au anayepiga kasia Kibirizi, tunapendekeza ya juu ya kiwiko, bila kusita. Ile ya kifundoni ni nyepesi, lakini kifundo kikishuka sm 10 chini ya usawa wa moyo, namba hupanda kwa takriban 8, na wengi hujipima mkono ukiwa mapajani.

Kasoro kubwa iko ndani ya boksi. Mkanda unaokuja na mashine nyingi ni wa mkono wa sm 22 hadi 32. Mikono ya wavuta nyavu na wanyanyua vyuma hupita hapo. Mkanda mdogo husoma juu kuliko ilivyo, na mtu mzima wa afya anaweza kuanzishiwa dawa asizozihitaji. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko katikati ya bega na kiwiko. Ukizidi 32, ulizia mkanda wa sm 22 hadi 42.

Kupima kwenyewe: kojoa kwanza, kaa dakika 5 umeegemea, miguu chini bila kuikunja nne, mkono mezani usawa wa moyo, kimya. Usipime ndani ya nusu saa baada ya mazoezi, kahawa au sigara. Pima mara 2 asubuhi na mara 2 jioni kwa siku 7, acha za siku ya kwanza, tafuta wastani. Kuanzia 135/85 nyumbani, nenda hospitali.

Mashine haioni ukubwa wa moyo. Hilo ni la ultrasaundi ya moyo. Lakini majibu ya ultrasaundi bila wastani huo hupotosha. Moyo wenye afya hukua kwa mazoezi: mbio na kasia hupanua chumba cha kushoto na kunenepesha ukuta wake kidogo. Presha inayokaa juu mchana na usiku hunenepesha ukuta huohuo, ila chumba hakipanuki, na baadaye moyo hukakamaa. Ukuta wa kawaida kwa mwanaume ni mm 6 hadi 10. Ukuta wa mm 12 kwa mkimbiaji mwenye 118/74 si habari sawa na mm 12 kwa mwenye 150/95. Ukifika 13, daktari achunguze hata kama presha ni nzuri. Huenda akakusimamisha mazoezi miezi 3 aone kama ukuta utapungua unene, maana ule wa mazoezi hupungua.

Dukani, omba kuifunga kabla ya kulipa. Mkanda ukiachia unapojaa upepo, sehemu yake ya kunasia imeshachoka, usiichukue.